Kile Kilicholala Garini

Muuzaji alikuja kutoka Oulu na masanduku matatu,
akayapanga juu ya meza yetu ya chai
akafungua la kwanza kama mtu afunguaye sanduku la fidla.
Vipima kibofu, akasema. Na kibofu chenyewe alikuwa nacho,
cha mpira, kimejaa maji ya buluu,
kimetulia, hakina kovu, hakina aibu,
hakijawahi kuambiwa "vua".

Cha kwanza kina magurudumu na mashine ya kuchapa,
kinatema karatasi kama risiti ya dukani.
Nikauliza: ngazi za kwa Martta kitazipandaje,
zile za mbao, zilizoganda tangu Oktoba?
Akasema kina dhamana ya miaka mitano.

Cha pili ni kidogo kama kipande cha sabuni,
hakina skrini, kinaazima macho ya simu.
Nikauliza: na bondeni kwa Niillas,
ambako simu ni saa tu ya kutazama wakati?
Akasema programu inajisasisha yenyewe.

Cha tatu hakukisifu sana.
Mfuko wa begani, betri mbili, rangi ya kijivu,
bei ya katikati,
na cha katikati hakina mpenzi.

Tuulikki, mwenye kalamu ya bajeti, akanitazama:
"Wewe ndiye unayeendesha gari."

Mimi nilikuwa nimeshaondoka mezani, niko kwa Eelis,
Januari iliyopita, kiganja juu ya tumbo lake,
nikigonga kwa kidole kama agongaye pipa
ajue limebaki kiasi gani.
Nilisikia kujaa. Niliamini sikio langu.
Nikampitisha mpira.
Ukatoka na kijiko cha mkojo, na damu.
Wiki ile homa ikampanda, gari la wagonjwa likambeba
kilomita mia na sitini akitazama dari,
mzee aliyehesabu kulungu mia tatu kwenye theluji
bila kukosea hata mmoja.
Hakunilaumu. Hilo ndilo linalouma.

Basi nikaviomba vyote vitatu kwa usiku mmoja.
Muuzaji akafurahi, akadhani navipeleka ndani.
Niliviacha garini, injini imezimwa,
digrii ishirini na nane chini ya sifuri,
mahali vitakapoishi.

Asubuhi cha kwanza kilikuwa jiwe lenye magurudumu.
Cha pili kilikuwa kizima, ila simu niliyokiachia imekufa,
na mwazima macho hulala mwenye macho akilala.
Cha tatu kiligoma. Nikachomoa betri,
nikaibana kwapani, ndani ya sweta,
nikaendesha kilomita saba hivyo,
kama kuku mwenye bawa bovu.
Kikawaka mlangoni kwa Eelis.

Jeli nayo nilikuwa nimeificha kifuani, isimshtue.
"Hicho kinapima nini?"
"Ulichobakiza."
"Cha maisha?"
"Cha kibofu, Eelis. Lala vizuri."
Hakupandisha shati zaidi ya upana wa kiganja.
Mawimbi yakaenda, yakarudi, hayakumgusa mtu.
Mia nne na kumi na mbili.

Nikafungua bomba la jikoni lichuruzike,
nikamgeuzia mgongo, nikasoma kopo la kahawa
herufi kwa herufi, pande zote,
hadi aliporudi kutoka chooni, polepole, akikohoa kwa fahari.
Tena. Thelathini na nane.
Mpira ulibaki ndani ya paketi yake.
Aliiona. Akaisukuma kwa kidole
mpaka ukingoni mwa meza.

Fomu ya ununuzi ina kisanduku kidogo: Sababu.
Nikaanza kuandika usahihi, uzito,
na jinsi kinavyofutika kwa dawa kati ya nyumba na nyumba.
Ni kweli yote. Nikayakata.
Nikaandika: Kililala nje, kikaamka.

Tuulikki akauliza kama hiyo ni sababu ya kitabibu.
Hakungoja jibu. Akaongeza kwa mkono wake:
betri ya ziada, moja.
Sweta, akasema, utanunua mwenyewe.